Nyonga bandia: Sungura alipita, hisa zikaanguka

MAFUTA ya mashine, kiasi kisichoonekana kwa macho, yaliigharimu kampuni moja ya Uswisi dola za Marekani zipatazo bilioni moja. Kampuni hiyo, Sulzer Medica, ilikuwa na hisa zake katika masoko ya Zurich na New York, na ilihesabiwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa nyonga bandia duniani. Desemba 2000 ilitangaza kuondoa sokoni vikombe vya nyonga aina ya Inter-Op vilivyotoka katika tawi lake la Austin, Texas, baada ya kubainika kwamba mabaki ya mafuta ya kiwandani yalikuwa yakizuia mfupa wa mgonjwa kushikana na kikombe.

Wakati tangazo linatoka, maelfu ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kuwekewa vikombe hivyo. Wengi walilazimika kupasuliwa upya. Kesi zikafurika mahakamani, na mwaka 2001 hisa za kampuni zikaporomoka vibaya. Mwaka 2002 mahakama ya Cleveland iliidhinisha mapatano ya kiasi cha dola bilioni moja, kampuni ikabadili jina na kuitwa Centerpulse, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Zimmer ya Indiana kwa dola bilioni 3.2 hivi. Zimmer iliipiku Smith & Nephew ya Uingereza, ambayo ndiyo iliyotangulia kutaja bei.

Linalopaswa kumshughulisha mwenye hisa katika mkasa huo ni kwamba madini ya kikombe kile hayakuwa mageni. Ni titani, chuma kilichokwisha kupita kwa sungura, kwa mbwa na kwa binadamu kwa miaka mingi. Titani haikushindwa. Kilichoshindwa ni kikombe kilichotoka kiwandani kikiwa na kitu ambacho wapimaji wa awali hawakupewa wakipime.

Maneno "imejaribiwa kwa wanyama" huandikwa mara kwa mara katika nyaraka za kampuni za vifaa tiba, na wawekezaji wadogo huyasoma kama muhuri. Uzoefu wa soko la nyonga, ambalo lina zaidi ya miaka sitini sasa, unaonyesha kwamba muhuri huo una thamani, lakini thamani yake ni ya jambo moja mahususi, na wengi wamepata hasara kwa kuupa mambo mengine.

Kinachopimwa hasa

Nyonga ni tufe ndani ya kikombe. Ikiharibika, daktari hukata kichwa cha mfupa wa paja, huingiza shina la chuma ndani ya mfupa, huweka tufe juu ya shina, na hufunga kikombe kipya upande wa pili. Mgonjwa akitembea, tufe husugua kikombe. Ni hayo tu, na matatizo mengi ya biashara hii hutoka ama kwenye msuguano huo, ama pale ambapo kifaa kinagusa mfupa.

Vipimo vya wanyama huongozwa na viwango vya kimataifa vya ISO 10993, na sehemu yake ya sita ndiyo inayohusu kifaa kinachopandikizwa mwilini. Kwa kawaida fundi hutengeneza vijiti vidogo vya madini au plastiki inayopimwa, navyo hupandikizwa ndani ya msuli au mfupa wa sungura. Baada ya wiki 12, 26 au 52 mnyama huuawa, kijiti hutolewa pamoja na nyama inayokizunguka, hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini. Wataalamu huangalia unene wa utando uliojengeka kukizunguka kijiti, huhesabu seli za ulinzi zilizokusanyika, kisha hulinganisha na kijiti cha madini ambayo tayari yanafahamika. Utando ukiwa mwembamba na seli zikiwa chache, kijiti kimepita.

Hatua inayofuata huwa ya mnyama mkubwa zaidi: mbwa, kondoo au mbuzi. Hapa huweza kutengenezwa nyonga nzima ya saizi ya mnyama. Kondoo hupendwa kwa sababu uzito wake unakaribia wa mtu mzima na kwa sababu ni mpole. Lakini kondoo hutembea kwa miguu minne, na hakuna kondoo anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Mzigo unaopita kwenye nyonga yake si mzigo wa nyonga ya mtu.

Kwa sababu hiyo msuguano haupimwi kwa mnyama, hupimwa kwa mashine. Tufe na kikombe hufungwa kwenye mtambo unaoiga mwendo wa binadamu, hulainishwa kwa majimaji yatokanayo na damu ya ndama, na kusuguliwa mara milioni 5. Mtu wa kawaida huhesabiwa kutembea hatua kama milioni moja kwa mwaka kwa kila mguu. Kwa mwendo wa hatua moja kwa sekunde, mtambo huo unahitaji karibu miezi miwili bila kuzimwa ili kumaliza kazi ya miaka mitano.

Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Sungura hutoa ushahidi wa mwaka mmoja, mtambo miaka mitano. Mgonjwa anataka kifaa cha maisha yake yote. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet uliona kwamba kama nyonga 6 katika kila 10 hudumu miaka 25. Muuza kanga anaijua biashara ya namna hii: kitambaa kinang'aa dukani, kikafuliwa mara ya kwanza kikabaki vilevile, na malalamiko yakaja mwezi wa tatu. Tofauti ni kwamba kanga hairudi na wakili.

Mbwa wa Texas

Vifaa vya kwanza havikupimwa kwa utaratibu wowote wa maana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 daktari Themistocles Glück wa Berlin alitengeneza viungo bandia kwa pembe za ndovu, bidhaa ambayo wakati huo soko lake kuu upande wetu lilikuwa Unguja. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha mifupa na viungo vile havikudumu. Huko Boston mwaka 1923 Marius Smith-Petersen alijaribu vikombe vya kioo, navyo vikavunjika.

Mabadiliko yalikuja San Antonio, Texas, katika miaka ya 1930. Charles Venable na Walter Stuck waliweka skrubu za madini mbalimbali katika mifupa ya mbwa na kutazama kilichotokea. Waligundua kwamba madini tofauti yakikaa pamoja ndani ya mwili hufanya kama betri: umeme mdogo hupita, chuma huliwa, na mfupa unaokizunguka huharibika. Mchanganyiko mmoja wa kobalti na kromi, uliokuwa ukitumiwa na madaktari wa meno kwa jina la Vitallium, ulitulia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1937, na mwaka uliofuata Smith-Petersen akaacha kioo na kuanza kutumia Vitallium.

Hapa jaribio la mnyama lilifanya kazi yake kikamilifu. Swali lilikuwa la kemia kati ya chuma na mwili, mbwa ana kemia inayofanana na yetu, na jibu lilionekana katika muda mfupi. Jina la Vitallium baadaye lilikuwa mali ya Howmedica, na Stryker iliponunua Howmedica kutoka Pfizer mwaka 1998 ililipa dola bilioni 1.65. Si fedha yote hiyo ilikuwa ya wale mbwa, bila shaka, lakini sehemu ya jina hilo zuri ilianzia kwao.

Paja la Charnley

Mkasa unaosimuliwa zaidi katika biashara hii ulitokea Wrightington, hospitali iliyoko Lancashire, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari John Charnley alitafuta kitu chenye utelezi wa kuweka kwenye kikombe. Alichagua Teflon. Sababu zake zilikuwa za kuridhisha: Teflon huteleza kuliko karibu kitu chochote, na kipande kizima cha Teflon hakiudhi mwili. Wagonjwa wapatao 300 waliwekewa. Waliamka bila maumivu, wakatembea, na sifa za daktari zikaenea.

Baada ya miaka michache walianza kurudi. Tufe la chuma lilikuwa limechimba kikombe, na Teflon iliyosagwa ilikuwa imejaa kwenye kiungo na kuunda uvimbe mzito unaofanana na jibini, huku mfupa ukiliwa. Kilichokuwa kimya kilipokuwa kipande kizima kilikuwa sumu kilipogeuka unga. Charnley alilazimika kuwafungua tena wagonjwa wake mmoja mmoja na kutoa alichowawekea kwa mikono yake.

Mwezi Mei 1962 mchuuzi mmoja wa plastiki alifika Wrightington na kipande cha poliethilini ngumu, ambayo viwanda vya nguo vya Lancashire vilikuwa vikiitumia kwa meno ya mashine za kufumia. Charnley hakuona maana yake. Fundi wake, Harry Craven, aliifunga kwenye mtambo wa kupima msuguano wakati bosi akiwa safarini. Kwa mujibu wa kumbukumbu za hospitali hiyo, plastiki ile ilisuguliwa wiki tatu na kulika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja.

Charnley, akiwa ameungua mara moja, hakukimbilia chumba cha upasuaji. Alijipandikiza mwenyewe, ndani ya paja lake, chembe za Teflon na chembe za poliethilini, akasubiri. Baada ya miezi tisa zile za Teflon zilikuwa vinundu vinavyoshikika kwa kidole, na zile za poliethilini hazikusikika. Alichapisha habari hiyo mwaka 1963. Kwa mizania ya leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingemruhusu, lakini ni vigumu kutomheshimu mtu aliyekubali kuwa sungura wake mwenyewe baada ya kuwaumiza watu 300.

Nyonga ya kwanza ya poliethilini iliwekwa Novemba 1962. Na hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa leo hawalisimulii sana: Charnley aliizuia. Kampuni ya Thackray ya Leeds, iliyokuwa ikitengeneza, haikuruhusiwa kwa miaka mingi kumuuzia daktari ambaye Charnley hakumkubali. Mahitaji yalikuwapo, oda zilikuja, lakini bidhaa haikuuzwa kwa kila aliyetaka hadi wagonjwa wa kwanza walipokuwa wamepita miaka kadhaa. Meneja wa mauzo yeyote angesema ni kichaa. Hata hivyo nyonga hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kipimo ambacho nyingine zote hulinganishwa nacho, na mwaka 1990 Thackray ilinunuliwa na Corange, kampuni iliyokuwa ikimiliki DePuy.

Unga, si kipande

Hata poliethilini hulika. Mwaka 1977 Hans-Georg Willert na Manfred Semlitsch walieleza namna unga wake unavyoleta madhara: chembe ndogo humezwa na seli za ulinzi, seli hizo hushindwa kuziyeyusha, hukasirika na kutoa kemikali zinazosababisha mfupa kuyeyuka, mwisho kifaa hulegea. Semlitsch alikuwa mtaalamu wa Sulzer huko Winterthur, nyumba ileile ambayo robo karne baadaye iliangushwa na mafuta. Kampuni inaweza kuwa na elimu bora kuhusu hatari moja na ikapitiwa na nyingine.

Tangu hapo wapimaji wamejifunza kumpa mnyama unga badala ya kipande. Panya huwekewa chembe juu ya mfupa wa fuvu, na baada ya siku chache mfupa ulioliwa hupimwa. Ni jaribio la bei nafuu na la haraka, nalo lilisaidia kuelewa kwa nini poliethilini inayopigwa mionzi ili nyuzi zake zishikamane, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa na faida: ilitoa unga kidogo zaidi.

Lakini unga wa panya nao una mtego wake. Mwaka 1971 wataalamu wa Uingereza, Heath, Freeman na Swanson, walichukua unga wa kobalti na kromi uliotokana na kusugua nyonga za chuma kwa chuma, wakawadunga panya misulini. Panya wengi walipata saratani. Habari hiyo ilitokea katika Lancet. Sasa mwekezaji afanye nini nayo? Panya hupata saratani kwa wepesi wakipandikizwa vitu vingi vigeni, na uchunguzi wa wagonjwa uliofanywa baadaye haukuonyesha ongezeko la saratani kwa jumla. Wenye viwanda waliona wana haki ya kuliweka jaribio hilo kando.

Walichokosea ni kuweka kando pia lile la msingi, kwamba unga wa chuma hiki ndani ya nyama si kitu cha kupuuzwa. Nyonga za chuma kwa chuma zilirudi kwa kishindo kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, zikiuzwa kwa wagonjwa vijana wanaotaka kucheza michezo. DePuy, ambayo Johnson & Johnson ilikuwa imeinunua mwaka 1998 kwa dola bilioni 3.5, ilianza kuuza aina yake ya ASR mwaka 2003. Nchini Marekani, ASR XL ilipita mwaka 2005 kwa njia ya mkato ya FDA, ambayo kampuni huonyesha kwamba kifaa kinafanana vya kutosha na kilichopo sokoni, bila kulazimika kukijaribu kwanza kwa wagonjwa.

Kikombe cha ASR kilikuwa kifupi na chembamba. Kikiwekwa kwa pembe iliyozidi kidogo, tufe lilisugua ukingo na kutoa unga wa kobalti na kromi. Sungura hawezi kuonyesha kasoro ya umbo, na mtambo ukifungwa kwa pembe nzuri hauoni pembe mbaya. Walioona ni makarani wa takwimu. Daftari la taifa la viungo bandia la Australia, ambako kila nyonga inayowekwa na inayotolewa huandikwa, lilianza kuitaja ASR vibaya mwaka 2007. Agosti 2010 DePuy iliiondoa duniani kote, baada ya daftari la Uingereza na Wales kuonyesha kwamba asilimia 12 hadi 13 zilikuwa zimetolewa ndani ya miaka mitano. Watu wapatao 93,000 walikuwa wamewekewa. Waraka wa ndani wa kampuni uliojitokeza katika kesi ya Los Angeles mwaka 2013 ulikadiria kwamba karibu asilimia 40 zingeshindwa ndani ya miaka mitano. Novemba mwaka huo kampuni ilikubali kulipa kama dola bilioni 2.5 kwa wagonjwa wapatao 8,000 wa Marekani.

Johnson & Johnson ni kubwa, ilimeza hasara hiyo na kuendelea. Sulzer Medica ilikuwa ya ukubwa wa kati, ikabadili jina kisha ikauzwa. Mwenye hisa mdogo anapaswa kutofautisha kati ya kampuni inayouza nyonga pamoja na mambo mengine mia, na ile ambayo nyonga ndiyo shamba lake lote.

Mfupa unapokubali

Isidhaniwe kwamba wanyama wamekuwa wa hasara tu. Nyonga nyingi zinazowekwa leo bila saruji zipo kwa sababu ya mbwa. Mwaka 1971 Jorge Galante wa Chicago na wenzake walionyesha, kwa sungura na mbwa, kwamba mfupa huota ndani ya nyuzi za titani zilizochomwa zikashikamana. Mwaka 1980 Bobyn na wenzake wa Toronto walionyesha kwa mbwa kwamba matundu ya kati ya mikroni 50 na 400 ndiyo mfupa unayoyapenda. Mwaka 1986 Pilliar, pia wa Toronto, alieleza kwamba kifaa kikicheza zaidi ya mikroni 150 hivi, nyuzi laini huota badala ya mfupa. Vipimo hivyo vitatu vimo ndani ya karibu kila kikombe cha titani kinachouzwa.

Mbwa lakini ni mwepesi wa kuotesha mfupa. Vifaa vilivyotolewa kwa wagonjwa katika miaka ya 1980 vilikuwa na mfupa kidogo sana kuliko vya mbwa. Waraka unaotaja asilimia ya mfupa ulioota kwa mbwa na kuishia hapo haujamaliza habari.

Pia kuna suala la idadi ya wanyama. Tangu Russell na Burch wa Uingereza walipochapisha kitabu chao mwaka 1959, wakitaka wanyama wa majaribio wabadilishwe kwa njia nyingine, wapunguzwe na wapunguziwe maumivu, sheria za Ulaya zimekuwa zikibana, na ISO 10993 ina sehemu nzima kuhusu hilo. Kwa kampuni ndogo maana yake ni gharama na muda. Ndiyo maana nyingi hupendelea kutumia titani ileile iliyokwisha kupita, na kubadili umbo, njia ya kusafisha au tanuri tu. Hapo ndipo hatari huingia. Mwaka 1998 kiwanda cha Ufaransa cha Saint-Gobain Desmarquest kilibadili aina ya tanuri la kuchomea matufe yake ya zirkonia. Zirkonia ilikuwa ileile. Matufe yakaanza kupasuka ndani ya wagonjwa, na Agosti 2001 yakaondolewa sokoni.

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni ya nyonga bandia, na wanaoguswa hapa moja kwa moja ni waagizaji wa vifaa tiba. Upasuaji huu hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na katika hospitali nyingine chache, vifaa hutoka nje, na usajili uko chini ya TMDA. Muagizaji anayeletewa cheti cha ISO 10993 na muuzaji mpya anapaswa kuangalia tarehe ya jaribio, na kuuliza kama kiwanda, tanuri na njia ya kusafisha ni zilezile za siku hiyo. Aidha, Inter-Op iliondolewa kwa namba za toleo, si kwa jina. Boksi la nyonga huja na vibandiko vyenye namba hiyo, na kimoja hubandikwa kwenye jalada la mgonjwa. Muagizaji asiye na daftari la namba alizouza, na hospitali alizoziuzia, hatajua ampigie simu nani siku tangazo litakapotoka.